Mama wa Mstari wa Mbele

Tarver's Mill, Tennessee
11 Februari 1974

Mdogo wangu Verlon,

Naomba barua hii ikukute mzima, na kila kiungo chako kikiwa pale Mungu alipokiweka. Sisi tupo. Baridi ya mwaka huu haina adabu, bomba la jikoni limepasuka tena, na Mchungaji Yancey bado anahubiri habari za Nuhu utadhani gharika ilikuwa juzi. Kiwandani bado nashona kola za mashati. Nikifunga macho naona kola.

Sasa sikia kisa. Redio yetu inaadhimisha ukumbi wa mieleka, ile ghala ya mnada wa tumbaku unayoijua kuliko unavyojua kitanda chako. Wametangaza kila msikilizaji atume kadi yenye majina ya wanamieleka kumi wakubwa kuliko wote waliowahi kupanda ulingoni, na majibu watayasoma wakati wa tamasha la mavuno. Mji umepata wazimu. Kwa kinyozi kuna mashemasi wawili hawasalimiani kwa sababu ya namba nne.

Kwangu mimi wa kwanza ni Sonny Tackett, na usinikunjie uso. Wa pili Orville Kress, mzee wa enzi za maonyesho ya kusafiri. Wa tatu Hank Dorsey. Nikamuuliza mama, wa kwanza kwake ni nani. Bila kuinua kichwa akasema, "Daktari Mauti."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, "Mama, yule mshenzi mwenye barakoa uliyemchoma pini mbele ya watu?"

"Huyo huyo," akasema. "Andika."

Wewe na mimi tunajua nani alikuwa ndani ya barakoa ile, maana niliishona mimi kwa cherehani ya mama yeye akiwa kanisani. Tulikubaliana asijue, na mpaka leo yeye na mji mzima wanaamini uko Texas kwenye visima vya mafuta. Ndiyo maana jibu lake limenitia hofu. Akili zimeanza kumteleza, Verlon. Wiki iliyopita alitia ugoro kwenye kikombe cha sukari. Kila siku ananiuliza, "Verlon anarudi lini?" na mimi nimechoka kubuni visima.

Kwenye simu siwezi kusema haya. Laini yetu bado ni ya nyumba nne, na Bi Stegall akinyanyua simu yake kusikiliza namsikia anavyotafuna. Njoo umwone mama wakati bado anakujua. Sikuombi jingine.

Dadako,
Oleta

*

Portland, Oregon
3 Machi 1974

Dada Oleta,

Salamu zako nimezipata na za kwangu ndizo hizi. Mvua huku hainyeshi, inakaa tu hewani kama mgeni asiyeaga. Goti la kushoto linalalamika, la kulia limezoea. Mama mwenye nyumba ni mwema, ila anadhani nauza bima, na namwacha hivyo hivyo. Huku sivai barakoa. Mimi ni Baroni fulani wa Ulaya, natemewa mate kwa sura yangu mwenyewe.

Sasa turudi kwa huyo Tackett wako. Dada, umerogwa? Sonny Tackett hakujua kuanguka wala kuangusha. Alijua kutabasamu. Ile mara aliyoninyanyua juu ya kichwa mkalia kwa furaha, unadhani alininyanyua? Niliruka mwenyewe! Nilimpanda kama ngazi, kisha nikapiga kelele za mtu anayekufa ili nyinyi mmwite simba. Stelingi anatengenezwa na adui. Weka hilo kwenye redio yenu uone kama mashemasi hawatafunga barabara.

Kress ndiye wa kwanza, na nitakwambia kwa nini. Nilipigana naye mara moja nikiwa mchanga, yeye mzee meno hana. Alinikunja shingo hivi mpaka akina mama wakafumba macho, na mimi ndani ya kabali ile nilikuwa nimestarehe kama mtoto mgongoni. Midomo yake haikusogea hata kidogo, lakini nilisikia sikioni: "Uko salama, kijana? Goti vipi? Haya, sasa lia." Watu waliokaa karibu kiasi cha kumgusa hawakuona kitu. Huyo ndiye mkubwa, dada. Anayewafanya watu waamini anakuua, kumbe amekushika ili usiumie. Hao wanaovunja wenzao shingo wapo wengi, na kila mtu anaweza.

Kuhusu kuja, ratiba imebana. Jumatatu Salem, Jumanne Eugene, inaendelea hivyo. Na mwambie mama anitoe kwenye orodha yake. Sitaki kuwa humo.

Nduguyo,
Verlon

*

Tarver's Mill
20 Machi 1974

Verlon,

Huku miti ya pichi imechanua na baridi ya usiku mmoja imeiua yote. Binamu Dovie amejifungua mtoto wa kiume, kichwa kama boga, wameniomba nimsifu nikasifu kofia.

Barua yako nimeipokea na nimeicheka, kisha nimeisoma tena sikucheka. Kurasa nzima za Kress, na mama umempa mstari mmoja, mwishoni, wa kumfukuza. Ratiba gani hiyo inayobana tangu mwaka ule ulioondoka? Hata Tackett wako asiyejua kuanguka anakuja. Siku hizi anauza magari yaliyotumika, kiuno kimemezwa na tumbo, lakini Jumapili alileta pai ya tufaha akakaa na mama alasiri nzima. Mama alimwita "mwanangu". Sijui alidhani ni nani, na nadhani wewe unajua.

Anapotea. Alhamisi nilitoka kiwandani nikakuta nyumba wazi. Tulimtafuta mtoni, tukamtafuta makaburini kwa baba. Mlinzi wa ghala ya mnada ndiye aliyempata. Alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye kiti chake kilekile, mkoba mapajani, kofia kichwani, ukumbi mtupu, anasubiri. Aliponiona akasema, "Wamechelewa kuanza leo."

Na kuna jingine. Kila jioni anafunga kipande cha mkate wa mahindi kwenye kitambaa, anakiweka ndani ya oveni iliyozimwa, na ole wako ukikigusa. Asubuhi amesahau, na mimi nampa mbwa.

Uliondoka wiki ileile ya kisa cha pini, bila kuaga vizuri. Nilidhani umepata kazi nono ukatuonea haya. Kama sio hivyo, niambie ni nini. Mimi ndiye ninayemwosha mama, Verlon. Nina haki ya kujua.

Oleta

*

Yakima, Washington
2 Juni 1974

Dada,

Nisamehe ukimya. Barua yako imezunguka nyuma yangu mji hadi mji, na tangu ifike nimeibeba mfukoni nikiogopa kuijibu. Mpe Dovie pole ya uzazi na hongera ya boga.

Umenisukuma mpaka kwenye kamba. Haya.

Jumamosi ile nilikuwa nimemkaba Tackett upande wa viti vya mbele. Mama akainuka. Nilijua atanipiga mwavuli kama siku zote, hata nilikuwa nimemsogezea bega. Lakini alikuja karibu kuliko siku zote. Akanitazama kwenye matundu ya macho. Dada, macho ya mama yangu nayajua. Hakuwa anamtazama Daktari Mauti. Alikuwa ananitazama mimi, vilevile alivyonitazama siku nilipovunja dirisha la kanisa. Alinijua. Kisha akachomoa pini kwenye kofia yake akanidunga pajani, na ukumbi mzima ukamshangilia.

Nimechomwa na wengi. Kule Alabama mkulima mmoja alinichoma kwa kisu cha kumenyea tufaha, kidonda kikaoza, nililala wiki na wiki, nusura wanikate mguu. Yule sikumchukia hata siku moja. Hakujua mimi ni nani, alikuwa anamchoma mtu mbaya. Kidonda cha mama hakikutoa hata usaha. Kilikauka mara moja, na ndicho kinachoniuma hadi leo.

Mama alijua ni mwanawe na akanichoma. Niliona nimepewa jibu kuhusu kazi yangu na kuhusu mimi. Ndipo nikafungasha. Usinilaumu kwa kutokuja kukaa kitandani pa mtu aliyenijibu hivyo.

Kuhusu orodha, mweke Tackett wako wa kwanza. Sina nguvu za kubishana.

Verlon

*

Tarver's Mill
14 Juni 1974

Mdogo wangu,

Leo sina salamu. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama getini, nikaimaliza nimekaa chini kwenye majani, na Bi Stegall dirishani ananyoosha shingo.

Wewe ulikuwa ulingoni, mimi nilikuwa jikoni. Sikiliza ya jikoni.

Jumamosi ile mchana niliingia kutafuta kahawa. Jikoni palikuwa na kile kisufuria cha kuchemshia mayai, maji yanatokota, na ndani yake imelala pini ya kofia ya mama. Nikamwambia, "Mama, leo tunakula pini?" Akaniambia, "Nenda kachane hizo nywele." Akaiopoa kwa uma, akaifuta kwa spiriti, akaichomeka kwenye kofia. Nilidhani ni mambo yake ya usafi. Usiku alipokuchoma sikuunganisha, kwa sababu nilikuwa na hakika hajui ni wewe, na wewe hukuniambia kitu.

Mtu mwenye chuki hachemshi pini, Verlon.

Na kuna la kabla ya hapo. Wiki ileile tukiwa mezani, mimi na mdomo wangu nilisema, "Wanasema promota atamfukuza Daktari Mauti mwisho wa mwezi. Watu wamemchoka, wanapiga miayo." Mama alikuwa anakata mkate. Akaendelea kukata. Sasa najua alikuwa anakusikiliza wewe unafukuzwa kazi.

Jumamosi iliyofuata foleni ilifika duka la mbegu. Watu walitoka hata kaunti ya pili kuja kumwona mtu mbaya kiasi cha kumfanya mjane wa kanisani achomoe pini. Mama alikuwa wa kwanza mlangoni, kofia kichwani. Promota akapanda ulingoni akatangaza kwamba Daktari Mauti ametoroka. Mama alikaa na mkoba wake mpaka taa zikazimwa. Nilidhani amekosa burudani.

Alikujua tangu mwanzo. Mtu anayeshonea watoto nguo maisha yake yote akikuta nyuzi nyeusi kwenye cherehani yake atashindwa kujua? Na wewe una kile kidole cha mguu kinachotazama ndani tangu uanguke kwenye banda la tumbaku. Sisi ndio tulikuwa vipofu.

Hilo halikuwa jibu lake kwako. Ilikuwa zamu yake.

Njoo upesi. Jana aliniuliza mimi ni binti wa nani.

Oleta

*

Portland
1 Julai 1974

Dada,

Nimeomba ruhusa, wamekataa, nakuja. Basi la Ijumaa. Usimwambie kitu.

V.

*

Tarver's Mill
30 Septemba 1974

Verlon,

Mama tulimzika Jumanne. Alikwenda usingizini, mkono chini ya shavu. Nilikupelekea telegramu, ikarudi na maneno kwamba uko njiani na anwani haijulikani. Upande wa jeneza ambao ungeubeba wewe aliubeba Sonny Tackett. Alilia kuliko binamu wote, na hakuanguka, ingawa njia ilikuwa tope.

Nimekuwa na hasira na wewe tangu Julai, na sasa sina mtu mwingine wa kumwonyesha, kwa hiyo nakuandikia.

Nilikuacha naye chumbani ili mkae kwa amani. Najua hakukutambua. Nilikuwapo alipokuita bwana wa bima na kukwambia hatununui kitu leo. Niliona uso wako na moyo ukanivunjika. Nikaenda jikoni nikalie peke yangu. Kisha nikasikia mama anapiga kelele, sauti ambayo sikujua bado anayo: "Mshenzi! Rudi ulikotoka!" Nakimbia, nafungua mlango, nakukuta umevaa lile litambaa jeusi, umepiga magoti, na mama amekushika barakoa kwa mikono yote miwili, anakutikisa kichwa. Mwanamke anayekufa, Verlon! Umemletea ulingo kitandani!

Nilikufukuza na ukaondoka bila kujitetea, ukaliwahi basi la jioni. Baada yako hakusema tena neno la maana. Kila nikifumba macho nasikia kwamba la mwisho alilomwambia mwanawe ni "mshenzi". Ungejizuia kidogo tu, angekufa bila hofu ile.

Redio wamesoma majina Jumamosi. Wa kwanza Tackett, wa pili Kress. Daktari Mauti ameshika namba kumi. Mashemasi wamepatana. Mimi nilizima redio nikaendelea kukunja nguo za mama.

Kwa nini ulimtisha? Hilo tu.

Oleta

*

Portland
21 Oktoba 1974

Dada yangu Oleta,

Pole. Na mimi nipe pole. Nimeisoma barua yako kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wenzangu wakatoka wote bila kuambiwa. Nilikuwa Montana siku mnamzika mama. Nilipigana siku hiyo, nikashindwa, watu wakafurahi. Mshukuru Tackett kwa kubeba upande wangu. Sitamsema tena, ila hajui kuanguka, hilo libaki.

Sikujitetea Julai kwa sababu nilitaka kitu kile kiwe changu kwa muda. Sasa nakugawia.

Aliponiita bwana wa bima na wewe ukatoka, nilikaa nimshike mkono, akauondoa kwa adabu, vile unavyomwondolea mgeni. Akaniambia mwanawe yuko Texas na atanikasirikia. Ile barakoa uliyoishona nilikuwa nayo ndani ya koti. Sikuwa na mpango. Niliona tu ndiyo sura pekee iliyobaki ambayo huenda anaijua. Nikaivaa nikapiga magoti.

Alinitazama, dada. Yale macho. Akajiinua kwenye mto, akaikamata barakoa kwa mikono yote miwili, akapiga kelele ile uliyoisikia. Wewe ulisikia hiyo, na Bi Stegall bila shaka aliisikia pia. Ndivyo ilivyokusudiwa. Kisha akanivuta chini mpaka sikio langu likagusa mdomo wake, na kwa sauti ya Orville Kress, bila kusogeza midomo, akasema:

"Verlon. Umekula?"

Nikamjibu kwa njia yetu ya kazi. Nikasema, "Bado, mama."

Akasema, "Mkate uko kwenye oveni. Subiri watu waondoke."

Kisha akanitikisa kichwa kwa nguvu zake zote, akatazama mlangoni, na wewe ukaingia. Ile haikuwa hofu, dada. Alikuwa kazini. Alikuigizia wewe kama alivyowaigizia wote, na wewe uliyelala chumba kimoja naye maisha yako yote uliamini. Unanielewa sasa kwa nini niliondoka kimya? Ningemharibia.

Hiyo orodha ya kumi ya redio siijui. Orodha yangu mimi ina mtu mmoja, na hakuwahi kupanda ulingoni hata siku moja. Alikaa mstari wa mbele, akaniita mshenzi kila Jumamosi kwa sauti iliyozidi zote, akarudi nyumbani akaniwekea chakula kwenye oveni. Alinichoma nisifukuzwe kazi, akachemsha pini nisioze. Na mimi nikamkimbia, nikakaa mbali miaka yote hiyo, nikibishana habari za Kress.

Nakuja Krismasi. Nitapita mlango wa mbele mchana kweupe, bila barakoa, na Bi Stegall akiuliza, mwambie Daktari Mauti amekuja kwa dadake. Oka mkate wa mahindi. Ufunge kwenye kitambaa, uweke kwenye oveni.

Na mfunge mbwa.

Mdogo wako,
Verlon